Mke Mwenza wa Nyanya Alikuwa Mlevi wa Petroli

Babu yangu aliondoka nyumbani Kianjai amevaa koti la harusi, akaenda kutafuta mke wa pili, akarudi akiendesha trekta. Hivyo ndivyo nyanya anavyosimulia, na kwa kuwa babu hayupo tena wa kumbishia, basi hiyo ndiyo historia ya ukoo wetu.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, wazungu wa Timau wakiuza mashamba na kurudi kwao, au kwenda kutafuta baridi nyingine mahali pengine. Babu alikuwa ameuza ng'ombe, pesa amezifunga kwenye kitambaa, na msichana mwenyewe alikuwa wa upande huo wa Timau. Njiani akapita kwenye shamba la ngano ambako mzungu mwenyewe alikuwa anauza kila kitu mpaka vijiko. Hapo akaliona trekta dogo la kijivu. Sijui waliangalianaje. Ninachojua ni kwamba yule msichana, kama yuko hai, labda bado anangoja.

Nyanya hakulipokea. "Mke mwenza wa nyama ungempa jembe na kumwonyesha kisima," aliniambia mara nyingi. "Huyu wa chuma ungemwonyesha nini?" Tangu siku hiyo hakuligusa hata kwa kidole. Hakuliita trekta pia. Alimwita "yule." Yule amekula? Yule amelala nje? Na kwa desturi yetu, mjukuu aliyepewa jina la nyanya yake huchukua jina pamoja na mambo yake yote, kwa hiyo babu alikuwa ananiita mke wake, na nyanya alikuwa ananiambia nisicheze karibu na mke mwenzetu. Watoto wengine huzaliwa wakakuta ng'ombe. Mimi nilizaliwa nikakuta mke mwenza mwenye magurudumu manne.

Babu alipofariki, trekta lilibaki chini ya mabati kando ya zizi, mikononi mwa baba mdogo. Baba mdogo ni mzee wa kanisa, mtu wa kola safi, anayeweza kuombea chai mpaka ikapoa. Alilima nalo msimu mmoja, halafu likaanza ugonjwa. Ukifungua bomba la petroli, hata kabla hujashika hendeli ya kuliwashia, kabureta inaanza kudondosha, to, to, to, mpaka ardhi inalowa. Ukibahatika liwake, linakohoa moshi mweusi, linatetemeka, linazima. Plagi ukizitoa zimelowa kama zimetoka kuoshwa. Kuku waliochakura pale chini walitembea upande upande kama wanaume wa jirani siku ya Krismasi.

Basi likaachwa. Kuku wakalihamia. Mmoja alitaga kwenye kiti.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka Timau. Shule ilinishinda kidato cha pili, au karo ndiyo ilinishinda, na nikaenda kufungasha mboga kwenye shamba moja kubwa kule kwenye baridi. Kupitia dirishani nilikuwa naona matrekta ya ngano yakipanda na kushuka chini ya mlima, makubwa kama nyumba ya mwalimu mkuu, na nilikuwa nasahau mikono yangu iko kwenye maharagwe mabichi. Msimamizi alinipigia kelele hadi akachoka. Moyoni nilikuwa tayari nimevaa miwani ya jua, niko juu ya trekta, nalima Tigania yote, na watu wa gazeti wananingojea ukingoni mwa shamba. Siku moja mkataba uliisha, nikarudi nyumbani na sweta na hiyo ndoto.

Nilikuta kikao jikoni kwa nyanya.

"Mama, chuma kina bei sasa," baba mdogo alikuwa anasema, mikono yake ikiwa imekunjwa kama yuko mimbarani. "Nimeongea na mnunuzi wa vyuma kuukuu kutoka Meru mjini. Atakuja siku ya soko na lori na gesi ya kukatia. Watalikata hapa hapa, wapakie."

"Watamkata uani kwangu? Kama mbuzi?"

"Mama, ni trekta."

"Najua ni nani."

Nyanya aligeuza sufuria ya githeri kwa mwiko, akaonja, akaongeza chumvi. Mimi nikajikuta nasema, "Wacheni mimi nimwangalie kwanza."

Baba mdogo aliniangalia kwa huruma ya Kikristo. "Mwanangu, cherehani ya mama yako ilikushinda."

"Cherehani haina harufu nzuri."

Nyanya alicheka kwa pua. Halafu akaweka mwiko chini, na hapo ndipo akatoa hukumu, maana uani ni kwake na hakuna chuma kinachotoka bila neno lake. "Sikilizeni. Akilima kile kipande cha chini cha shamba kabla watu wa gesi hawajafika, anabaki. Asipolima, aende akakatwe. Mimi nimechoka. Sitalisha mtu anayekunywa kutwa na kutapika, hata kama aliletwa na marehemu."

Siku ya soko ilikuwa Alhamisi. Hiyo ilikuwa Jumatatu, na mawingu yalikuwa yameanza kujisogeza juu ya milima ya Nyambene.

Nilianza asubuhi yake kwa kuwafukuza kuku. Trekta liko kando ya njia, na nilichogundua ni kwamba kila mwanamume wa Kianjai anayepita njiani ni fundi. Wa kwanza alisema ni plagi. Wa pili alichukua spana akaigonga kabureta mara kadhaa kwa mpini, akasikiliza kama daktari, akasema, "Sasa imesikia." Petroli ikaendelea kudondoka. Mwingine akashauri niongeze mafuta ya taa ili petroli ipunguze ukali. Wa mwisho hakushuka hata kwenye baiskeli. Alisema tu, "Mrembo, olewa," akaenda zake. Nilimjibu kwamba tayari nina mke mwenza, na sijui alielewa nini lakini alikanyaga pedeli kwa nguvu sana.

Kabureta si mnyama mgumu. Ina kikombe chini, na ndani ya kikombe kuna boya la shaba, mafundi wanaliita floti, umbo lake kama yai lililokaliwa. Petroli ikiingia, boya linaelea, linapanda, na likipanda linasukuma sindano ndogo inayoziba tundu. Ikipungua, linashuka, tundu linafunguka. Ni ule ule ujanja wa mpira unaoelea kwenye tangi la kunyweshea ng'ombe. Kwa hiyo kabureta ikifurika, ni moja kati ya mambo mawili: ama mlango haufungi, ama mfungaji mlango hapandi. Hayo nilikuwa nimeelezwa na dereva mmoja kule Timau, wakati wa chakula cha mchana, akitumia kifuniko cha chupa na sufuria ya supu yangu. Supu sikuinywa tena lakini somo liliingia.

Nilifunga bomba, nikafungua skrubu, nikashusha kikombe. Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu na kola yake, nadhani ili ahakikishe nimeshindwa kwa utaratibu.

Ndani ya kikombe kulikuwa na kitu cha waridi.

Kilikuwa laini, kimevutika nyuzi nyuzi, kimejipaka kwenye sindano na kwenye tundu lake kama uji wa mtoto kwenye shati. Nilikivuta kikarefuka. Nilikinusa. Chini ya harufu ya petroli kulikuwa na harufu ya peremende. Ndani yake kulikuwa na vipande vidogo vya maganda mekundu na kijani, na hivyo mtu wa Meru hahitaji kuambiwa ni nini. Wanaotafuna miraa hutia chingamu mdomoni pamoja nayo ili kukata uchungu. Mtu alikuwa ametafuna, akaitoa mdomoni, akaibandika juu ya boya, akafunga kabureta. Na petroli, kwa siri na subira, ikaiyeyusha.

Tangu babu afariki, hakuna mkono uliokuwa umefungua kabureta ile ila mmoja.

Sasa, baba mdogo ndiye aliyesimama mbele ya kanisa akasema miraa ni nyasi ya shetani. Alisema hivyo na mashahidi tulikuwepo. Ni kweli kwamba kila mwezi alikuwa na mkutano wa maombi Laare, na alirudi kutoka huko akiwa macho sana, amejaa Roho, akifagia ua saa kumi na moja alfajiri. Sisi tulisema ni neema. Laare ina watu waombaji, sikatai, lakini miraa ndiyo imeijenga.

Niligeuka nikamwangalia. Alikuwa anaangalia milima ya Nyambene kana kwamba ameitwa ahesabu miti. Masikio yake yalikuwa mekundu, na sikio la mzee wa kanisa likiwa jekundu linaonekana kutoka mbali.

Nilikuwa na utani mwingi tayari kwenye ulimi. Nikuambie ukweli, ulikuwa umepanga foleni. Na nyanya ndiyo huyo anakuja na kikapu cha viazi, anauliza, "Mmepata nini huko ndani?"

Nikafumba kiganja. Sijui kwa nini. Labda ni yale masikio. Mtu mzima akiaibika anafanana na mtoto aliyekojoa darasani, na mimi siwezi kumwona mtoto kama huyo bila kumpa sweta langu ajifunge kiunoni.

"Uchafu wa tangi, nyanya," nikasema. "Tangi ni kuukuu."

"Kila kitu chake ni kichafu," nyanya akasema kwa furaha, akapita.

Baba mdogo aliondoka, na nilipokuwa nasugua sindano kwa kitambaa, alirudi amevua koti, amekunja mikono ya shati, na amebeba spana za babu ambazo alikuwa ameniambia zimepotea.

"Litikise hilo boya karibu na sikio," alisema. "Kama yai."

Nililitikisa. Chwa, chwa. Kulikuwa na petroli ndani. Yaani mfungaji mlango mwenyewe alikuwa amelewa, amezama chini ya kikombe, hawezi kupanda.

"Lina tundu," baba mdogo alisema. "Lakini ni dogo, halionekani. Mimi nilikisia tu mahali pake." Halafu akaongeza haraka, "Yaani, mtu angeweza kukisia."

"Ndiyo, baba. Mtu."

Nikachukua maji moto jikoni. Tuliyamimina kwenye bakuli mbali na moto, tukazamisha boya, na mara uzi wa vipovu vidogo ukaanza kupanda kutoka kwenye kiungo, mahali tofauti kabisa na pale chingamu ilipokuwa imebandikwa. Baba mdogo aliviangalia vile vipovu vikipanda. Joto lilikuwa linaisukuma petroli nje, na juu ya maji kukawa na rangi za upinde wa mvua.

"Mzee aliniambia siku zile za mwisho nisiliache lilale," alisema polepole, kwa Kimeru, lugha anayotumia akiwa hahubiri. "Nilijaribu. Nilibandika, likalima kutwa moja, nikafurahi kama mjinga. Kesho yake likawa baya kuliko mwanzo. Nikifungua dirisha asubuhi ndilo la kwanza kuniangalia. Linaniangalia tu. Nilitaka liende, nipumzike."

Mimi nilikuwa nimedhani anataka bei ya chuma. Nilitafuta neno la kumfariji, nikapata moja tu. "Baba, kuku amelitagia. Kuku hatagi mahali penye laana."

Alicheka mpaka akashika mdomo.

"Hilo bakuli ni la nani?" nyanya alipaza sauti kutoka jikoni. "Nasema, hilo ni bakuli langu la uji mmemwogeshea yule?"

Tulizamisha na kutikisa mpaka boya likawa kimya na jepesi. Jumatano nikalipeleka sokoni kwa fundi wa redio, maana ndiye mwenye chuma cha kulehemu kidogo. Alilinusa, akalitikisa, akaniuliza kama nimetumwa na mshindani wake nimlipue. Nikamwonyesha limekauka. Akaweka tone la risasi ya kulehemu kwenye kiungo, akalitazama, akaongeza lingine, akapendezwa na kazi yake, akaongeza la tatu. "Hiyo haitoki mpaka Yesu arudi," akasema.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Tukafunga kila kitu, sindano safi, tundu safi, boya zima. Nikafungua bomba.

To, to, to.

Nyanya alikuwa kwenye ngazi ya jikoni akichambua maharagwe ya mbegu. Hakuinua hata kichwa. "Bado anakunywa?"

"Kidogo tu, nyanya."

"Mlevi hanywi kidogo."

Usiku ule mvua ilinguruma mbali bila kunyesha. Alhamisi asubuhi nilikuwa nje kabla ya jua, na baba mdogo alikuwa nje kabla yangu. Tukakishusha tena kikombe. Hakuna kilichobanduka, hakuna kilichochafuka. Nikamimina petroli kwenye bakuli la nyanya, maana lilikuwa limeshaharibika na dhambi ni moja, nikaliweka boya lielee. Likaelea, lakini limeinama upande mmoja, limezama hadi mabegani, kama mwanakwaya aliyekula sana harusini.

"Limenenepa," nikasema.

"Ni ile risasi," baba mdogo akasema. "Fundi amelivika shanga."

Lilikuwa zito. Likipanda, linapanda kwa uvivu, na wakati linafika kuziba tundu, petroli imeshamwagika kwenye kingo za kikombe. Kwa hiyo tulikaa chini kwenye vumbi, mzee wa kanisa na mimi, tukaanza kulisugua lile bonge la risasi kwa msasa, taratibu, kwa zamu, tukiogopa kurudisha tundu. Sugua, elesha, angalia. Sugua, elesha. Kwa mbali, kwenye barabara ya lami, malori ya soko yalikuwa yameanza kupita, na kila moja lililopunguza mwendo lilinifanya nisimamishe msasa. Moyoni niliona ile gesi ya kukatia, ule mwali wa buluu, na kiti cha babu kikianguka peke yake.

Boya liliposimama wima, bado lilikuwa chini kidogo. Hapo tukaukunja ulimi mwembamba wa bati ulioshikana na boya, ndio unaosukuma sindano, upana wa ukucha, ili mlango uzibwe mapema. Tukafunga. Baba mdogo alifumba macho. Nikadhani anaanza maombi marefu, lakini alisema tu, "Bwana, hili ni dogo," akafungua bomba mwenyewe.

Tulingoja. Hakuna kilichodondoka. Kuku mmoja alikuja akaangalia chini kwa mazoea, hakupata kitu, akaondoka.

Nilikausha plagi kwa kitambaa, tukazirudisha. Baba mdogo alizungusha hendeli, mara ya kwanza ikampiga mkono akasema neno ambalo halimo kwenye kitabu cha nyimbo. Mara iliyofuata likashika. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi wa kuagana, halafu moshi ukawa mweupe, halafu haukuonekana kabisa. Likaunguruma kwa utulivu, kama mtu mwenye afya anayekoroma. Mimi nililia. Ndiyo, nililia, na nililaumu petroli.

Plau tulikuwa tumeifunga tangu usiku. Nilipanda, nikashuka nalo hadi kipande cha chini. Babu alikuwa amenifundisha nikiwa nimekaa mapajani mwake, kwa hiyo usukani niliujua, ila urefu wa miguu yangu ulikuwa umebadilika tangu siku zile. Mfereji wa kwanza ulikwenda kama nyoka mwenye mawazo. Sikuona watu wa gazeti, na miwani sikuwa nayo, lakini udongo mwekundu ulikuwa unapinduka nyuma yangu na ndege walikuwa wameshashuka kuokota wadudu.

Nilikuwa kwenye mfereji wa nne au wa tano lori lilipoingia uani. Mnunuzi wa vyuma, mtu mnene mwenye kofia, alishuka na vijana wake, wakapaangalia pale mahali patupu chini ya mabati, wakauangalia mtungi wao wa gesi, wakafuata mlio hadi shambani. Baba mdogo alikwenda kuwapokea. Nilipunguza moto wa injini nisikie.

"Mzee, si tulikubaliana?" mnunuzi alisema. "Mimi nimetoka Meru na lori zima!"

"Tulikubaliana ni chuma," baba mdogo alijibu. "Sasa angalia mwenyewe."

"Hiyo itazima kesho. Hizi za zamani nazijua. Mama, mwambie mwanao," akamgeukia nyanya, aliyekuwa anakuja polepole kutoka kwa nyumba akiwa na kikapu chake. "Nikikuongezea, utasemaje?"

Nyanya alifika ukingoni mwa shamba, akavua viatu, akavipanga pamoja. Aliingiza mguu kwenye mfereji wangu wa kwanza kupima kina, akauangalia ulivyopinda, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Halafu akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa maharagwe ya mbegu, na akaanza kuyadondosha kwenye udongo, hatua kwa hatua, akifuata kila kona niliyoikosea. Huku kwetu mtu akishatia mbegu ardhini hamna tena mazungumzo.

Mnunuzi alisimama kidogo. Akauliza kama hata mabati yaliyochakaa hatuna.

"Leo hatuna," baba mdogo akasema. Alikuwa amevua viatu vya kanisa, na alikuwa anamfuata mama yake nyuma, akifukia mbegu kwa wayo.

"Wewe huko juu!" nyanya akaniita bila kugeuka. "Mpeleke huyo mbele, unanichelewesha. Na unyooshe!"

Nikaongeza moto.